Kontrola ya baiskeli ya umeme: namna ya kuipima, kuitoa na kufunga mpya isiungue

Kisa ni kile kile kila mara. Baiskeli imegoma, mtu akatamka "hiyo ni kontrola" (kiboksi kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota), mpya ikanunuliwa, ikafungwa, na baiskeli haikusogea. Au ilisogea kidogo tu, ikanuka moshi, na sasa kuna kontrola mbili mbovu badala ya moja.

Sababu huwa mbili. Watu wanabadilisha kabla ya kupima. Na wale wanaopima wakakuta kontrola imekufa kweli, hawatafuti kilichoiua. Mwongozo huu umepangwa kuziba mianya hiyo miwili, kwa hiyo usiruke hatua hata kama unajiona unajua jibu.

Ninazungumzia baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu, betri ya volti 36 au 48, na kontrola iliyo kwenye kiboksi chake cha alumini. Kama mota yako iko kwenye pedeli, kontrola huwa ndani ya mota na kazi yake ni nyingine. Na kama unaendesha bodaboda ya umeme ya kampuni inayobadilisha betri vituoni, irudishe kwao. Ukifungua tu umeshapoteza dhamana.

## Vifaa

- Mita ya kidijitali yenye kipimo cha volti DC, ohm na diodi. Ya bei nafuu inatosha.
- Balbu nne za gari za volti 12, wati 21 (zile za indiketa), zilizofungwa mfululizo kwa waya mmoja. Kwa betri ya volti 36 tumia tatu. Usizidharau, zitafanya kazi tatu.
- Alenki, bisibisi ya nyota, praizi ya kukatia.
- Tepu ya umeme, mirija ya mpira inayosinyaa kwa moto, tai za plastiki.
- Tepu ya karatasi na kalamu ya kuandikia majina ya nyaya, pamoja na simu ya kupigia picha.
- Kreti ya soda au stendi imara ya kuinua gurudumu la mota lisiguse chini.

Vua pete na saa ya chuma. Volti 54 hazitakurusha kama umeme wa nyumbani, lakini betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha spana mkononi mwako. Gurudumu libaki hewani mpaka hatua ya mwisho kabisa.

## Hatua ya 1: Pima betri ikiwa kazini

Betri iliyokaa inadanganya. Inaweza kusoma volti 50 na isiweze kuwasha taa, kwa sababu seli zimechoka au BMS (saketi ya kulinda betri) imekata.

Weka ncha za mita kwenye plagi kubwa inayoingia kwenye kontrola, si kwenye betri yenyewe, maana unachotaka kujua ni kile kinachofika. Lithiamu ya volti 36 ikijaa inasoma 42. Ya 48 inasoma 54.6. Ile ya asidi, yaani betri nne za volti 12, ikipumzika baada ya chaji inasoma karibu 51. Kontrola nyingi hujikatia zenyewe volti zikishuka hadi 30 au 31 kwa mfumo wa 36, na 40 hadi 42 kwa mfumo wa 48. Ukikuta uko chini ya hapo, chaji kwanza ndipo uendelee.

Sasa chomoa plagi hiyo kwenye kontrola na uunganishe zile balbu kwenye betri huku ukisoma mita. Dalili ya mafanikio: balbu zinawaka bila kutetereka, na volti zinashuka kidogo mno, hata moja haifiki. Zikishuka tatu au nne, au balbu zikawaka na kuzima, tatizo liko kwenye betri, BMS, fyuzi au plagi iliyoungua. Fyuzi ipime kwa mlio wa mita. Kwa macho haionekani vizuri.

## Hatua ya 2: Waya mwembamba wa kuwashia

Hapa ndipo kontrola nzima nyingi zinapohukumiwa bure. Mbali na nyaya mbili nene za betri, kontrola inahitaji waya mmoja mwembamba, mara nyingi mwekundu, unaoleta volti za betri kupitia ufunguo au skrini. Bila huo, imelala.

Kwenye baiskeli yenye ufunguo, pima kati ya waya huo na waya mweusi mnene huku ufunguo umewashwa. Lazima usome volti za betri.

Kwenye baiskeli yenye skrini, plagi ya skrini huwa na nyaya tano. Kwa kawaida nyekundu unaleta volti za betri muda wote, buluu unazirudisha kwenye kontrola ukibonyeza kitufe, mweusi ni hasi, na miwili iliyobaki ni ya mawasiliano. Rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo thibitisha kwa mita. Kama nyekundu ina volti lakini buluu haina baada ya kubonyeza, mgonjwa ni skrini.

Skrini ikionyesha namba ya kosa, tafuta maana yake kwa aina ya skrini hiyo hasa. Kwa skrini za Bafang, 08 ni sensa za Hall (zile za ndani ya mota, utazikuta hatua ya 5), 21 ni sensa ya kasi, 30 ni mawasiliano. Namba hizo hizo kwenye skrini nyingine zina maana tofauti kabisa.

## Hatua ya 3: Volti 5

Ndani ya kontrola kuna sehemu inayoshusha volti za betri hadi 5 kwa ajili ya akseleta na sensa. Washa, kisha pima kwenye plagi ya akseleta kati ya mwekundu na mweusi. Kati ya 4.3 na 5.2 ni sawa.

Ukikosa, usikate tamaa bado. Chomoa akseleta na upime tena upande wa kontrola. Kisha chomoa sensa ya pedeli. Kisha plagi ya Hall inayotoka kwenye mota. Volti zikirudi baada ya kuchomoa kimojawapo, hicho ndicho kilichokuwa kinapiga shoti, na kontrola yako ni nzima.

Ukichomoa vyote, waya wa kuwashia una volti za betri, na bado hakuna 5: kontrola imekufa. Hiyo ni hukumu ya kwanza ambayo unaweza kuiamini.

## Hatua ya 4: Akseleta na breki

Rudisha akseleta. Chomeka ncha ya mita nyuma ya plagi, kwenye waya wa tatu (kijani au mweupe), na nyingine kwenye mweusi. Bila kuvuta, soma karibu 0.8 hadi 1. Vuta taratibu: namba ipande mfululizo hadi kati ya 3.5 na 4.2. Ikiruka-ruka au kubaki pale pale, nunua akseleta. Ikianzia juu tangu unawasha, kontrola itagoma makusudi, ili baiskeli isikimbie peke yake.

Breki ni rahisi zaidi: chomoa plagi za swichi za breki zote mbili, ujaribu. Mota ikizunguka, swichi moja imekwama. Hili hutokea sana baiskeli ikianguka na mkono wa breki ukapinda.

## Hatua ya 5: Sensa za Hall

Ndani ya mota kuna sensa tatu ndogo zinazoiambia kontrola gurudumu limefika wapi. Plagi yake ina nyaya tano nyembamba: nyekundu, mweusi, na mitatu ya ishara, kwa kawaida njano, kijani na buluu.

Plagi ikiwa imechomekwa na umeme umewashwa, weka ncha nyeusi kwenye mweusi na nyekundu kwenye waya mmoja wa ishara. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole sana. Namba inapaswa kuruka kutoka karibu 0 hadi karibu 5, na kurudi. Rudia kwa miwili iliyobaki.

Tahadhari: mota ndogo zenye gia ndani huteleza gurudumu likizungushwa mbele, na namba hazitabadilika kamwe. Zungusha kinyumenyume.

Waya mmoja ukigoma, chomoa plagi na upime ishara hiyo upande wa kontrola. Ukisoma karibu 5, kontrola haina kosa. Sensa au waya wa mota ndio mbovu. Usiposoma kitu wakati wenzake wawili wanasoma, kontrola imepoteza njia hiyo.

## Hatua ya 6: Mosfeti, mahali kontrola nyingi zinapofia

Mosfeti ni swichi za kielektroniki zinazogawa umeme kwenye nyaya tatu nene za mota, ambazo mafundi huziita fezi. Zinafanya kazi mbilimbili kwa kila fezi, na moja ikipiga shoti utaijua hata bila mita.

Zima, toa betri. Kontrola ina kapasita zinazotunza umeme hata betri ikitoka, kwa hiyo gusisha zile balbu kwenye nyaya nene nyekundu na nyeusi za kontrola kwa sekunde chache. Zikimulika kidogo na kufifia, kapasita zimekwisha. Hiyo ni kazi ya pili ya balbu.

Jaribio la mkono. Zungusha gurudumu fezi zikiwa zimeunganishwa (kinyumenyume kwa mota ya gia). Likiwa zito na linakwenda kwa mishtuko, kuna shoti mahali. Chomoa fezi zote tatu, hakikisha ncha zake hazigusani, uzungushe tena. Likilegea, shoti iko ndani ya kontrola. Likibaki zito, shoti iko kwenye kebo ya mota au mota yenyewe, na kontrola mpya itaungua kama ya zamani.

Jaribio la mita. Weka mita kwenye diodi. Fezi zibaki zimechomolewa.

Kwanza, ncha nyekundu kwenye waya mnene mweusi wa betri (upande wa kontrola), ncha nyeusi iguse fezi moja baada ya nyingine. Pili, ncha nyeusi kwenye waya mnene mwekundu, ncha nyekundu iguse fezi zote tatu. Unapata namba sita, na uziandike.

Kontrola nzima hutoa namba kati ya 0.4 na 0.6, zinazofanana. Usibishane na tofauti ya 0.02. Unachotafuta ni fezi isiyofanana na wenzake: ikitoa 0.00 au mlio, mosfeti imepiga shoti. Ikiandika OL (yaani mita haioni njia ya umeme) wakati nyingine zinatoa namba, njia imekatika. Vyovyote vile, kontrola imekufa, na hii ndiyo hukumu ya pili.

Je, mosfeti inaweza kubadilishwa? Inaweza. Lakini ikiungua mara nyingi huondoka na saketi inayoiendesha, na mosfeti mpya ikilipuka umepoteza siku. Kwa kontrola ya kawaida ya baiskeli ningenunua mpya.

Kama kontrola imefaulu hatua zote hadi hapa, usiibadilishe. Kagua upya plagi moja moja, hasa pini zilizorudi nyuma ndani ya plastiki yake.

## Hatua ya 7: Tafuta muuaji

Kabla ya kutoa hela, fanya haya kwenye mota huku plagi zake zote zimechomolewa:

1. Mita kwenye ohm. Pima kila fezi dhidi ya mwili wa mota, mahali palipokwanguliwa rangi. Isome OL.
2. Pima kila fezi dhidi ya kila waya wa Hall. Isome OL.
3. Kagua kebo inapoingia kwenye ekseli. Hapa ndipo penye maovu.

Nati za ekseli zikilegea, mota yenye nguvu huizungusha ekseli ndani ya fremu na kuisokota kebo. Nyaya zinachunika, fezi inagusa fezi, kontrola inakufa kwa sekunde. Ukikuta kebo imejikunja au imekatwa na ukingo wa ekseli, itengeneze kwanza, na uongeze mkono wa chuma wa kuzuia ekseli isizunguke.

Wauaji wengine: maji yaliyoingia kontrola ikiwa imefungwa nyaya zikitazama juu, mashine ya kuoshea yenye presha, plagi ya fezi iliyoyeyuka, na mzigo mzito kupandishwa mlima kwa mwendo wa polepole huku akseleta imevutwa hadi mwisho. Hilo la mwisho huchemsha mosfeti kuliko mwendo kasi.

Kupima fezi kwa fezi hakukusaidii. Mota nzima husoma chini ya ohm moja, na mita ya kawaida haitofautishi hapo na shoti. Jaribio la mkono la hatua ya 6 ndilo linalokupa jibu.

## Hatua ya 8: Kununua

Ukienda Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi), beba kontrola ya zamani mkononi. Picha haitoshi.

Volti zilingane na betri. Amperi za juu zisizidi zile ambazo BMS inaruhusu. Kontrola ya amperi 30 kwenye betri ya 20 itazimika kila ukipanda kilima. Wati zilizochapwa kwenye kava zipuuze, soma amperi. Hall iwe ya digrii 120, na karibu zote ni hivyo.

Skrini ndiyo inayowaangusha wengi. Kontrola na skrini huzungumza lugha ya kiwanda kimoja, na plagi kuingia si ushahidi kwamba zitaelewana. Kama huipati kontrola ya aina ile ile, nunua skrini na kontrola kwa pamoja. Kama baiskeli yako ni ya ufunguo na akseleta tu, umepona tatizo hili.

Chagua yenye nyaya mbili za kujifunza, kwa kawaida nyeupe zenye plagi ndogo, ambazo ukiziunganisha kontrola hutambua yenyewe mpangilio wa nyaya za mota. Utaona faida yake hatua ya 10.

## Hatua ya 9: Kutoa ya zamani

Piga picha za kila plagi kabla ya kuigusa. Andika majina kwenye tepu ya karatasi: fezi, Hall, akseleta, breki kulia, breki kushoto. Chomoa betri kwanza, kapasita zimalize kwa balbu, ndipo uchomoe vingine. Plagi ivutwe kwa kuishika yenyewe, usivute waya.

Kontrola mbovu ikate plagi zake na kuacha waya wa kiganja kimoja kila moja. Mpya ikija na plagi tofauti, hizo ndizo utakazounganishia.

## Hatua ya 10: Kufunga mpya

Unganisha kwa mpangilio huu: Hall kwa rangi, fezi kwa rangi, akseleta, waya wa kuwashia au skrini. Breki, taa na sensa ya pedeli ziache kwanza, ili kitu kikigoma uwe na vichache vya kushuku.

Betri iwe ya mwisho, na isiingie moja kwa moja. Unganisha hasi, kisha pitisha chanya kupitia balbu. Kazi yake ya tatu hiyo. Dalili ya mafanikio: balbu zinamulika mara moja na kuzima, kapasita zimejaa. Zikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti: chomoa, kagua. Bila balbu ungekuwa umeshaunguza kontrola mpya. Zikizima, ondoa balbu na uchomeke plagi ya betri papo hapo, kabla kapasita hazijashuka.

Yenye nyaya za kujifunza: gurudumu likiwa hewani, ziunganishe na uwashe. Gurudumu litazunguka lenyewe. Kontrola nyingine husubiri uguse akseleta kidogo. Likienda kinyume, zitenganishe na uziunganishe tena. Likienda mbele vizuri kwa sekunde chache, tenganisha, funika ncha kwa tepu. Umemaliza.

Isiyo nazo: rangi kulingana si hakikisho, maana viwanda havikukubaliana. Acha Hall zilivyo, ubadilishe fezi. Nyaya za kontrola ziwe zimetulia, za mota zijaribiwe kwa mipangilio hii sita:

1. njano, kijani, buluu
2. njano, buluu, kijani
3. kijani, njano, buluu
4. kijani, buluu, njano
5. buluu, njano, kijani
6. buluu, kijani, njano

Zima na utoe betri kati ya jaribio na jaribio, na uirudishe kupitia balbu kila mara. Vuta akseleta kidogo sana na uachie ndani ya sekunde mbili. Mpangilio mmoja tu kati ya sita utazungusha mota kwa ulaini na utulivu. Mingine itatetemeka, itanguruma, au itazunguka kwa kelele. Huo wa kelele ndio wa hatari: mtu hufurahi kwamba gurudumu limezunguka, akaondoka nalo, mosfeti zikachemka njiani.

Ikiwa laini lakini inarudi nyuma, badilishana nyaya mbili za ishara za Hall, njano na kijani, kisha uanze upya ile sita. Kwa mota ya gia, "kurudi nyuma" huonekana hivi: unasikia mota inazunguka ndani, lakini gurudumu limetulia tuli.

## Hatua ya 11: Breki, maji na barabara

Rudisha breki. Zungusha mota hewani, bana breki kidogo: mota ikate hapo hapo. Fanya hivyo kwa kila mkono. Usitoke barabarani kabla hili halijafaulu. Kisha sensa ya pedeli na taa.

Fezi zisizo na plagi nzuri zibanwe kwa kiungio cha shaba na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa. Kuzisokota na kuzifunga tepu kutaleta joto. Funga kontrola nyaya zikitazama chini, na uache waya ulegee kidogo chini ya kila plagi ili maji yadondoke kabla hayajaingia. Ukikaa Unguja, Tanga, Mombasa, popote penye hewa ya chumvi, paka grisi ya silikoni ndani ya plagi. Usijaze silikoni ya madirisha inayonuka siki, inakula shaba.

Shusha gurudumu. Endesha dakika kumi mahali tambarare, simama, gusa kontrola na plagi za fezi. Vuguvugu ni sawa. Plagi moja ikiwa moto kuliko wenzake, pini yake haijabana. Kontrola ikiwa moto usiovumilika mkononi kwenye tambarare, rudi kwenye ile mipangilio sita.

Baada ya safari za mwanzo kaza tena nati za ekseli, pande zote mbili.